Nimekataa kumsainia mzee wa watu logibuku, sasa naambiwa nina roho mbaya

Mwewe_Mkavu:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite jukwaa la michezo atatukuta bado tupo.

Mimi ni mwalimu wa urubani, nipo Texas mwaka wa tisa sasa. Katikati ya wiki nina kibarua kingine kinacholipa kodi ya nyumba. Jumamosi na Jumapili nafundisha watu kurusha hizi ndege ndogo za injini moja.

Kwa wasiojua: hapa Marekani leseni ya urubani haiishi muda. Ukiipata umeipata. Ila huruhusiwi kuwa rubani mwenye dhamana ya ndege kama ndani ya miezi 24 iliyopita hujakaa na mwalimu mkafanya kitu kinaitwa mapitio. Sheria yenyewe ni fupi, kifungu 61.56: darasani isipungue saa moja, angani isipungue saa moja. Darasani lazima mpitie kanuni za kuruka zinazotumika sasa, zile za Sehemu ya 91. Angani mfanye nini? Anaamua mwalimu. Mkimaliza, mwalimu anaandika kwenye logibuku ya rubani (kitabu chake cha kuandikia safari na mafunzo) kwamba fulani amekamilisha mapitio kwa kuridhisha, anaweka tarehe, saini na namba ya cheti chake, kwisha. Miezi inahesabiwa ya kalenda, kwa hiyo aliyefanya tarehe 12 Machi 2024 anaruka mpaka 31 Machi 2026.

Hakuna mtahini hapo, wala karatasi inayokwenda FAA, wale mamlaka ya anga ya Marekani. Ni mimi, wewe na kalamu. Shika hapo.

Sasa kisa. Huku tuna mzee wetu mmoja, mtu wa nyumbani, msiba ukitokea yeye ndiye anayeshika daftari la michango. Ana hisa kwenye Cessna 172 yeye na wenzake wawili. Alhamisi moja akanipigia: "Mwanangu, mapitio yangu yanaisha mwisho wa mwezi. Pita nyumbani tunywe chai unisainie. Hiyo saa moja tutaiandika tu, mimi nimeanza kuruka wewe unanyonya." Nikacheka, nikampa shikamoo ya pili, nikamwambia mzee njoo uwanjani Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Akaja. Darasa lilikuwa meza ya plastiki ndani ya hanga. Akatandika ramani yake ya anga ya karatasi, toleo la zamani, imekunjwa vizuri kama kanga ya sandukuni. Nikamwambia nichoree safari ya kwenda kula mchana uwanja fulani. Akachora mstari kwa rula, ukapita juu ya uwanja mkubwa wa ule mpira wao wa kushika kwa mikono. Nikamuuliza, siku ya mechi je? Hakuwa na habari kwamba kiwanja cha kuchukua watu 30,000 na kuendelea, ligi kubwa zikicheza, huruhusiwi kupita ndani ya maili 3 za baharini chini ya futi 3,000 kutoka ardhini, kuanzia saa moja kabla ya mechi hadi saa moja baada ya kwisha. Hapo sikuona tatizo. Kanuni mtu anafundishwa, anashika.

Tukaenda kukagua ndege. Mzee akachota mafuta kwenye kikombe kutoka chini ya bawa, akayamwaga. Hakuyatazama! Mkono unafanya kazi, macho yako kwenye simu. Nikamwomba achote tena, tukainua kikombe kwenye mwanga: buluu safi, hakuna tone la maji limekaa chini. Nikasema sawa, tuendelee.

Juu, kwenye futi 4,000, nikamwambia apunguze nguvu, ainue pua taratibu, tuistolishe. (Kustoli siyo injini kuzima jamani, ni mabawa kukosa mnyanyuko kwa sababu pua imeinuliwa kupita kiasi.) Honi ikalia, ndege ikatetemeka, bawa la kushoto likadondoka. Mkono wake ukakimbilia kuzungusha usukani kulia ili anyanyue bawa. Ndivyo mwili unavyotaka, na ndivyo haifai: bawa limeshakosa mnyanyuko, ukizungusha usukani unalizidishia. Unatakiwa usukume pua chini kwanza, mkia uushikilie kwa pedali. Nikasema "ndege yangu", akasema "ndege yako", nikasema tena "ndege yangu". Nikainyoosha. Tulikuwa tumepoteza futi kama 600.

Nikamvutia throto (mkono wa nguvu ya injini), nikamwambia injini imekufa, twende wapi? Mwendo wa kuteleza mbali wa ndege ile ni nodi 68. Yeye alikuwa 85, pua chini, macho kwenye shamba lenye nguzo za umeme.

Lakini kilichoniogopesha ni wakati wa kurudi. Tuko kwenye besi (kipande cha kukatiza kabla ya kona ya mwisho), upepo uko mgongoni, unatusukuma kupita mstari wa njia ya kutulia. Kona ya kushoto kuingia fainali (mstari wa mwisho wa kwenda kutua) akachelewa. Badala ya kughairi tupae tuzunguke upya, akakandamiza pedali ya kushoto aivute pua, huku mkono umezuia usukani kulia ndege isilale zaidi. Kigololi cha dashibodi, kile kinachoonyesha ndege inateleza kwa ubavu, kimekimbilia kulia kabisa. Nodi 62, futi kama 400. Kila rubani anayesoma hapa anajua sentensi inayofuata huwa inaandikwa na wachunguzi wa ajali: ndege inageuka mgongo, inashuka inazunguka kama pia, na futi 400 hazitoshi hata kusema La ilaha. Nikaichukua.

Tulipotua nikajaza logibuku yake: saa 1.3 za mafunzo, tuliyofanya nikayaorodhesha, saini yangu. Ule mstari wa mapitio sikuuandika. Nikamwambia, "Mzee, bado." Akanitazama kama mtu aliyedaiwa mahari ya pili. Akachukua miwani yake akaondoka, hakuaga.

Wiki mbili baadaye nasikia ameshasainiwa na mwalimu wa uwanja wa jirani. Na kwenye grupu la WhatsApp kuna maneno kwamba mimi najisikia, nimemdhalilisha mzee.

Naomba mawazo: nilikosea? Na je, nimpigie huyo mwalimu aliyesaini nimwambie nilichokiona?

Pangu_Pakavu:

Mkuu sema ukweli, ulitaka arudi ulipwe saa nyingine. Unachaji bei gani?

Mwewe_Mkavu:

Dola 60 kwa saa. Yeye sikumchaji hata senti, mafuta ni ya ndege yake.

Mama_Nuru:

Mimi mambo ya ndege ni abiria tu, tena wa kufunga macho. Naomba kueleweshwa, kwa hiyo mzee amefeli? Serikali imeandikiwa?

Mwewe_Mkavu:

Dada, hapo ndipo utamu na uchungu wa hii kitu. Kufeli hakupo. Mapitio siyo mtihani. Ukifanya vizuri unaandikiwa mstari. Usipofanya vizuri yanahesabika ni mafunzo ya kawaida na hakuna neno "amefeli" linaloandikwa popote. Hakuna anayejulishwa.

Tena sikiliza hili: mapitio yake ya zamani yalikuwa hai mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Jumamosi ileile, baada ya mimi kusema bado, angeweza kurudi kwenye ndege akaondoka peke yake na sheria ingemruhusu. Kubeba abiria ndiyo asingeweza, kwa sababu hiyo inataka uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na yeye mwaka mzima alikuwa na saa nne. Lakini peke yake, ruksa. Sina mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Nilichonacho ni kalamu ya kuandika au kutoandika.

Wilson_Boy:

Mazee hiyo kona ya fainali imenikausha mate. Mimi niko Nairobi, na wacha niwaambie kitu watu wa tambarare hamjui. Wilson iko juu, zaidi ya futi 5,500. Hewa ni nyepesi. Saa ya mwendo inakuonyesha nodi 65 kama mtu wa Mombasa, lakini kwa kweli ndege inakimbia karibu asilimia 10 zaidi ya hapo. Kona yako inakuwa pana kuliko ulivyozoea. Mtu anakuja kutoka pwani, anageuza pale pale alipozoea kugeuza, anajipata amepita mstari. Halafu anaanza hiyo mambo ya mzee wako, kukanyaga pedali.

Na ukijaribu kurekebisha kwa kulaza ndege sana pia ni shida. Nyuzi 45, kasi ya kustoli inapanda asilimia 19. Nyuzi 60, ndege inabeba uzito wake mara mbili na kasi ya kustoli inapanda asilimia 41. Kwa hivyo kama ndege yako inastoli kwa nodi 48, hiyo si 48 tena, ni karibu 68.

Mwalimu wangu alikuwa anafunika saa ya mwendo na kipande cha karatasi, anasema "skia ndege". Nilimchukia miezi miwili. Siku hizi mimi ndio nafunikia watu.

Kuhusu swali lako: ulifanya poa. Mzee akasirike akiwa hai.

Chizi_wa_Ndege:

Naunga mkono. Na mkono kukimbilia ulikozoea siyo jambo la wazee wa wikendi tu. Tarehe 12 Februari 2009, ile Colgan Air 3407 inakaribia kutua Buffalo usiku. Mwendo umeshuka, usukani umeanza kutikisika wenyewe kuonya kwamba ndege inakaribia kustoli. Kapteni anatakiwa asukume. Akavuta. Walikufa watu 50, mmoja alikuwa nyumbani kwake chini. Uchunguzi ukakuta huyo kapteni huko nyuma alishafeli majaribio kadhaa ya kuruka. Ilipita mikono mingi, kila mkono ukasaini.

Msukuma_wa_Leicester:

Salamu kutoka kwenye mvua. Huku Uingereza tunabanwa zaidi kidogo. Kibali cha ndege ya injini moja kinadumu miaka miwili. Kukiendeleza, ama ukajaribiwe na mtahini ndani ya miezi mitatu ya mwisho, ama uwe na uzoefu: ndani ya miezi 12 ya mwisho uwe umeruka saa 12, kati ya hizo 6 ukiwa wewe ndiye mwenye dhamana, umepaa mara 12, umetua mara 12, na umekaa na mwalimu saa moja. Kikikufia mkononi, unakwenda kwa mtahini tu, hakuna namna.

Sasa nyie huko mtu anakaa miezi 23 hajagusa ndege, anakuja kuchukua saa moja na mwalimu rafiki yake, anapewa mbingu yote. Sielewi.

Mwewe_Mkavu:

Msukuma, saa moja ni uchache wake. Hakuna aliyesema ni saa moja tu. Waraka wa FAA kwa walimu unasema wazi kwamba aliyekaa muda mrefu bila kuruka atahitaji zaidi. Ila ni kweli, watu wameifanya "saa moja" kuwa bei ya sokoni.

Fundi_Injini:

Mimi natengeneza, sirushi. Ila nimeona ndege zikiletwa kwenye trela vipande vipande, na kitu cha kwanza watu wa bima kuulizia ni vitabu viwili: kitabu cha ndege na kitabu cha rubani. Wanafungua ukurasa wa mwisho wenye saini. Saini ya fundi ipo, ya mwalimu ipo. Mmoja wetu usiku huo hapati usingizi.

Halafu kuna hiyo ya "saa moja tutaiandika tu". Kwa kanuni za FAA, kuandika uongo kwa makusudi kwenye logibuku kunatosha kufutiwa cheti, na siyo cha ualimu tu, vyote. Mzee alikuwa anakuomba uweke riziki yako rehani kwa kikombe cha chai. Sidhani kama alijua, lakini ndicho alichoomba.

Pangu_Pakavu:

Mimi bado naona mzee kaonewa. Saa 1.3 halafu "bado", neno moja, kama konda wa daladala.

Mwalimu_Mstaafu:

Vijana, nimekuwa nasoma tu tangu jana. Mimi nilipita Soroti, Uganda, ile shule ya urubani ikiwa bado ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, na nimefundisha mpaka goti lilipokataa kupanda bawa. Nina la kumwambia mwenye uzi, na nitalisema kwa upendo.

Kutosaini ulikuwa sahihi. Hapo hatuna mjadala.

Lakini umetusimulia makosa ya mzee matatu, vizuri mno, hadi kigololi kimekimbilia upande gani. Nimesoma mara mbili natafuta mahali ulipomfundisha, sijapaona. Alipokosea stoli uliichukua ndege ukainyoosha. Halafu? Uliirudia naye? Ulimwonyesha yako, ukampa ya kwake, ukamwacha afanye mpaka mkono uzoee? Inaonekana hukufanya hivyo. Ulikwenda moja kwa moja kwenye injini iliyokufa, ukakusanya kosa la pili. Kisha la tatu. Ulikuwa unajaza karatasi ya mtahini ambayo wewe mwenyewe umemwambia Mama Nuru kwamba haipo.

Mtu ana saa nne mwaka mzima. Ulimuuliza kabla, mzee siku hizi unaruka kwenda wapi, na nani, kitu gani kinakusumbua? Mlikubaliana mapema mtafanya nini na kwa kiwango gani? Ungempigia Ijumaa dakika kumi ungejua kwamba siku moja haitoshi, na yeye angekuja anajua.

Swali langu ni moja. Uliposema "bado", ulimwachia mpango gani?

Wilson_Boy:

Eish.

Chizi_wa_Ndege:

Shikamoo Mwalimu. Ngoja OP aje.

Pangu_Pakavu:

Siku ya pili hii, OP kaukimbia uzi wake mwenyewe 😂

Mwewe_Mkavu:

Sijakimbia, Pangu. Nilikuwa sina cha kujibu.

Mwalimu, shikamoo. Sikumwachia mpango wowote. Nilijiambia kwamba nilikuwa mpole kwa sababu sikupandisha sauti. Kwa kweli nilikuwa nimeogopa ile kona, na hofu yangu nikaimalizia kwenye neno moja.

Jana jioni nilikwenda kwake. Nilibeba maembe, maana mikono mitupu isingefaa. Mama akanipokea vizuri kupita nilivyostahili, mzee akakaa kwenye kochi anatazama taarifa ya habari, akanijibu shikamoo yangu kwa "marahaba" ya upande wa mdomo. Tukakaa. Chai ikaja. Nikamwambia, mzee, sikuja kwa habari ya saini, nimekuja kwa sababu niliondoka bila kumaliza kazi.

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na logibuku. Akaniwekea mapajani.

Wakuu, mimi nilikuwa nimeshahukumu kwamba yule mwalimu mwingine kasaini kwa chai. Kwenye kitabu kuna asubuhi mbili tofauti. Ya kwanza saa 1.5, ya pili saa 1.2. Darasani saa 2. Na kwenye nafasi ya maelezo, kwa mwandiko mdogo mdogo: stoli mara tisa, kona za fainali kwenye futi 3,000 kwa kufuata barabara ya shamba kama ndiyo njia ya kutulia, kughairi kutua mara sita. Kisha, mstari wa chini yake, mapitio yamekamilika kwa kuridhisha.

Nyuma ya jalada kuna karatasi imebandikwa kwa gundi. Ni mipaka ambayo mzee amejiwekea mwenyewe, ameiandika kwa mkono wake: upepo wa ubavuni usizidi nodi 8, nikipita mstari wa fainali, naghairi, sirekebishi, wiki sita bila kuruka, natafuta mwalimu.

Mzee akaniuliza, "Ningekuja kwako siku ya pili, nikafanya haya, ungenisainia?"

Nikamwambia ningesaini.

Akasema, "Sasa mbona hukuniambia kuna siku ya pili?"

Nikanywa chai yangu.

Mama_Nuru:

Jamani. Hata mimi wa kufunga macho nimeelewa.

Mwalimu_Mstaafu:

Marahaba. Mimi mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilimwambia mtu hivyo hivyo, kwa neno lingine. Wangu hakurudi kuruka tena kabisa. Wewe una bahati, wako alikwenda kwa jirani.

Fundi_Injini:

Na ile simu uliyotaka kumpigia huyo jirani?

Mwewe_Mkavu:

Fundi, usinikumbushe. Ningempigia kumsuta mtu aliyefanya kazi yangu. Nilimpigia leo asubuhi, lakini kwa kumshukuru. Akaniambia mzee alipofika alimwonyesha ukurasa wangu mwenyewe, yale niliyoorodhesha, akamwambia "anzia hapa". Angalau nilikuwa nimeandika nilichokiona. Sheria inatudai tusaini mafunzo yote tunayotoa, na nikafikiri ninatimiza sheria tu. Kumbe mwenzangu aliusoma ukurasa ule kama cheti cha rufaa.

Msukuma_wa_Leicester:

Vizuri. Ila tusisahau wapo wanaosaini kwa chai kweli. Huku wapo, huko wapo.

Chizi_wa_Ndege:

Wapo. Nimewahi kukaa na mmoja, tulizunguka uwanja mara tatu, akasema twende tukapate kahawa saa imeshatimia. Haikuwa imetimia. Nilifurahi wakati ule, nilikuwa na miaka 26, nikajiona rubani mkali. Mwezi uliofuata nilitua kwa kurukaruka mara nne kama chura na nikaharibu gurudumu la mbele. Hakuna aliyeumia ila mfuko.

Na walimu wenyewe nani anawapitia? Nasikia cheti chenu siku hizi hakina tarehe ya mwisho.

Mwewe_Mkavu:

Tangu tarehe 1 Desemba 2024 vinatolewa bila tarehe ya kuisha, ndiyo. Lakini kila miezi 24 lazima uonyeshe kwamba bado unafundisha au umejinoa: kozi ya marejeo, au kuwapeleka wanafunzi wasiopungua watano kwenye mtihani na asilimia 80 wafaulu mara ya kwanza, na njia nyingine kadhaa. Hata ukiishi uwanjani huruhusiwi kufundisha angani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Na mwalimu anayeruka kama rubani naye anafanya mapitio yake kwa mwalimu mwingine. Yangu ni Novemba. Nimeshaamua nitampa nani, na mmeshamjua.

Nilichobadilisha mpaka sasa ni kidogo. Mtu akinipigia, namtumia maswali manne kwenye simu siku tatu kabla: umeruka lini mwisho, unapenda kwenda wapi, ndege gani, na kitu gani ukikifikiria usiku hukipendi. Hilo la nne watu wanajibu kwa ukweli ajabu. Mama mmoja aliniandikia, "Kuongea na mnara." Ana saa 400. Tukatumia nusu ya darasa kuigiza redio, mimi mnara, yeye ndege, na kikombe cha chai ndio kinasa sauti.

Na kabla hatujapanda nasema wazi: leo inaweza isitoshe, na ikiwa haitoshi siku ya pili ni hii hapa, naandika tarehe.

Wilson_Boy:

Na mzee mko sawa sasa?

Mwewe_Mkavu:

Jumamosi alinipigia yeye. Akasema anakwenda kula ule mchana aliouchora kwenye ramani, kiti cha kulia kiko wazi, nije kama abiria "na mdomo uuache nyumbani". Kapaa na kutua mara tatu peke yake wiki iliyopita, kwa hiyo abiria ni halali. Uwanja wa mpira kauzungukia mbali, ingawa siku hiyo hakukuwa na mechi.

Pangu_Pakavu:

Nani alilipa chakula?

Mwewe_Mkavu:

Mimi.

Wilson_Boy:

Hiyo ni haki yake 😂 Na mafuta? Aliangalia?

Mwewe_Mkavu:

Aliangalia. Alichota, akakinyanyua kikombe kwenye jua, kisha akaniletea mpaka karibu na pua: "Buluu, mwalimu? Au nichote tena?"